Chupa za Siku Tano

Barua ya nne imefika leo, ina muhuri wa zambarau:
tumeongezewa miezi kumi na minane.
Bwana Opanga kaisoma kwa sauti, kaipachika msumarini
juu ya zile tatu, na msumari ukalegea.
Akaagiza soda. Tukanywa tumesimama,
maana viti vya ofisi vilikwenda kushonwa Februari
navyo vimeongezewa muda.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni chupa.
Kila Jumatatu nashuka hadi bwawa la mwisho,
pale majitaka ya Kisumu yanapoitwa maji tu
na kuachiwa yaende zake Nam Lolwe.
Korongo wananitazama kama wakaguzi.
Nateka, nakaza kizibo pasibaki hata kipovu,
nazifungia gizani, nyuzi ishirini, siku tano.
Humo vidudu hula uchafu, huvuta pumzi.
Jumamosi nafungua, napima pumzi iliyosalia.
Sheria imeweka mpaka: thelathini.
Juma lililopita, mia moja na kumi na nne.

Miaka tisa sasa,
hakuna chupa iliyowahi kuniomba siku ya sita.

Nisieleweke vibaya. Ombi lile niliandika mimi.
Opanga alinisukumia kalamu: "Wewe una lugha ya heshima."
Nikaeleza kwamba mashine ya kupulizia hewa iliungua mota
mwaka ule wa mafuriko; kwamba mota mpya ipo bandarini,
na imekuwa bandarini tangu binti yangu aanze chekechea,
na binti yangu sasa anagawanya desimali.
Nikaeleza kwamba mji umefura mara tatu
na bomba ni lile lile, jembamba kama udhuru.
Kwamba mkitutoza faini, faini itakatwa
katika fungu lile lile la mota.
Yote kweli. Sikuchovya neno hata moja kwenye uongo.
Ndiyo maana silali.

Kwa sababu chini ya mdomo wa bomba
yupo Nyaseme, mwenye matuta kumi na mawili ya sukuma
na moja la mnavu, pembeni, la nyumbani.
Mboga zake zina kijani kinachotisha.
Siku moja alinifungia fungu kwa gazeti, hela akakataa:
"Si wewe unayetusafishia maji?"
Sikuzipika. Sikuzitupa.
Zilikauka juu ya friji, zikawa na sauti ya karatasi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo.
Shuleni mwalimu alituambia hiyo ni methali, tukatafuta maana yake ya ndani.
Muuguzi Amolo wa zahanati haendi ndani hivyo.
Ana daftari: jina, umri, mtaa, mara ngapi tangu asubuhi.
Jumapili moja tuliweka daftari lake kando ya langu
mezani kwake, kati ya chai na mkate,
tukachora mistari miwili kwa penseli ya mtoto.
Ulipopanda wangu, wiki moja baadaye ukapanda wake.
Chai ikapoa. Akakunja karatasi mara nne,
akaitia ndani ya Biblia, kwa kuwa hakujua
ofisi gani hupokea kitu kama kile.

Nami leo, nimeshika soda iliyokwisha gesi,
nahesabu miezi kumi na minane kwa kipimo changu:
Jumatatu sabini na nane.
"Pumzika kidogo," Opanga ananiambia, na si mtu mbaya,
shati lake lina kiraka kwenye kola.
"Tumepewa muda. Nani atasoma namba zako?"

Nikasuuza chupa ya soda, kwa mazoea tu.
Nikabeba kasha, nikavaa mabuti, nikashuka.
Korongo mmoja akasogea kunipisha.
Nikateka. Nikakaza kizibo, nikainua chupa juani:
kipovu kimoja, kidogo kama punje ya ulezi.

Nikamwaga, nikateka upya.